Ripoti inasema G2, baba mdogo anataka tuuze shamba

Asalaam aleikum daktari, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Mimi ni mtoto wa kwanza kwa marehemu baba yetu, nina miaka 39. Habari ninazokuletea ni za mdogo wangu wa kiume, ana miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi.

Mambo yalianza Ramadhani ya mwaka juzi. Kila ikifika saa nane au saa tisa alasiri anabadilika. Anakuwa mkali bila sababu, jasho linamtoka mpaka kanzu inaloa, mikono inatetemeka, halafu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Siku moja alianguka uani mbele ya watoto. Adhana ya magharibi ikilia, akila tende tatu na kikombe cha uji, hazipiti dakika kumi ameshakuwa mzima, na ukimuuliza alikuwaje, hakumbuki.

Mwezi ulipoisha tukadhani yamekwisha, kumbe yamehamia alfajiri. Wifi yangu anamwamsha aswali, haamki, au anaamka na kumuuliza yeye ni nani. Wifi akajifunza mwenyewe, asali akawa anaiweka karibu na mto. Tulimsomea, alikunywa kombe, tukafukiza ubani nyumba nzima. Hospitali moja ikasema ni kifafa, akanywa vidonge vya kifafa karibu mwaka na hali ikabaki ileile. Naye akawa ananenepa, maana aligundua mwenyewe kwamba akishiba hapatwi, kwa hiyo usiku anaamka kula.

Aliyetufungua macho ni muuguzi wa zamu, kijana tu. Tulimpeleka ndugu yangu hoi alfajiri, akamtoboa kidole akapima sukari, ikasoma 1.9. Damu ya saa hiyohiyo ilipopimwa, insulini ikakutwa juu. Siti skani ikaonyesha uvimbe kwenye mkia wa kongosho. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji, wakatoa mkia wa kongosho pamoja na bandama. Tangu siku ile hajaanguka hata mara moja, na ameshaanza kufundisha.

Shida yetu sasa ni karatasi. Ripoti ya kwanza ilikuwa mistari miwili: uvimbe wa neuroendokrini wa kongosho, basi. Daktari wa upasuaji hakuridhika, akatuambia tukachukue kipande cha nta kule maabara tukipeleke maabara nyingine. Tulinung'unika, tukaona tunazungushwa walie pesa zetu. Ripoti ya pili, kwa tafsiri tuliyosaidiwa na mwalimu mwenzake, inasema: "Uvimbe wa neuroendokrini wenye seli zilizopevuka vizuri, G2. Sinaptofisini na kromogranini, chanya. Ki-67, 4%. Seli zinazogawanyika, 1 katika milimita 2 za mraba. Ukubwa sentimita 2.3, umo ndani ya kongosho. Kingo za mkato ni safi. Tezi za limfu 8, zote safi."

Baba mdogo ameisoma akasema G2 ni hatua ya pili ya saratani, na saratani ya kongosho haimpi mtu zaidi ya miezi sita. Anasema hata Steve Jobs na utajiri wake wote aliuawa na hiyohiyo. Anataka tuuze shamba la michungwa la Muheza, ndugu yangu aende India akapigwe picha ya PET na kuanza dawa za saratani. Mnunuzi ameshakuja mara mbili. Mama analia kila siku.

Daktari, hii ni saratani au si saratani? Tuamini ripoti ipi? Tuuze shamba? Na je, Ramadhani ijayo ataweza kufunga?

Uniwie radhi kwa barua ndefu na kwa kuchelewa kuiandika. Na mimi nilikuwa nimelazwa, nimetolewa jiwe la figo kwa mara ya pili. Hayo ni yetu ya ukoo, marehemu baba naye mawe yalimtesa sana, ingawa kilichomwondoa ni vidonda vya tumbo vilivyokuwa vinavuja damu, dawa anakunywa na vinarudi.

Dada wa Mgonjwa, Tanga

*

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba. Pole kwa mama, pole kwako wewe na jiwe lako.

Nianze na shamba kwa sababu mnunuzi yuko mlangoni. Mwambieni asubiri. Katika ripoti uliyoninukulia sijaona kitu kimoja kinachodai muuze mchungwa hata mmoja wiki hii. Mimi kazi yangu ya miaka yote ni patholojia, yaani mimi ni wale wanaokaa na hadubini nyuma ya maabara na kuandika karatasi kama hiyo iliyowagawa. Ndugu yako sijamwona na slaidi zake sijaziona, kwa hiyo daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini karatasi hiyo naweza kuwasomea.

Kongosho ni kama viungo viwili vilivyoishi nyumba moja. Sehemu kubwa inatengeneza maji ya kumeng'enya chakula na kuyapitisha kwenye vijifereji mpaka utumbo. Ndani ya sehemu hiyo yamesambaa mafungu madogo ya seli za namna nyingine kabisa, zinazotengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu. Aliyeyaona kwanza ni Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 21 mjini Berlin, mwaka 1869, na mpaka leo yanaitwa visiwa vya Langerhans. Wewe ni mtu wa pwani, jina hilo utalielewa upesi. Ukiisimamia ramani, bahari ndiyo iliyojaa, halafu Pemba, Unguja na Mafia vimekaa humo peke yake. Vile visiwa vyote vikikusanywa havifiki hata sehemu tatu katika mia za uzito wa kongosho, ila insulini yote ya mwili inatoka humo.

Saratani ya kongosho anayoiogopa baba mdogo inaota kwenye vijifereji. Ni ugonjwa mkali kweli, mara nyingi unagunduliwa umeshachelewa. Wa ndugu yako umeota kisiwani. Katika kila watu 100 wenye uvimbe wa saratani kwenye kongosho, wenye huu wa neuroendokrini, yaani wa seli za homoni, ni wawili watatu tu. Ndiyo maana ukiandika "saratani ya kongosho" kwenye simu, majibu yote yanayokuja ni ya wale wengine 97. Baba mdogo hakuwadanganya, na msimlaumu. Alisoma kwa uchungu wa mzazi, lakini alichosoma ni habari za ugonjwa mwingine.

Sasa umeniuliza, ni saratani au si saratani. Sitakuficha. Zamani tuliandika kwenye ripoti "uvimbe usio na madhara" kwa baadhi ya hizi, na wapo waliorudi miaka baadaye ini limeshapata mbegu. Siku hizi, kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, kila uvimbe wa neuroendokrini wa kongosho unahesabiwa una uwezo wa kusambaa, na tunachofanya ni kupima uwezo huo ni mkubwa kiasi gani. Ule unaomwaga insulini, tunaouita insulinoma, ndio mpole kuliko wenzake wote: tisa kati ya kumi hausambai. Kwa hiyo jina la saratani liko jirani naye, lakini si ile saratani mnayoililia.

Na nataka niseme jambo kuhusu wifi yako. Yeye na asali yake walimaliza nusu ya uchunguzi kabla ya hospitali yoyote. Katika miaka ya 1930 daktari wa upasuaji wa New York, Allen Whipple, aliweka masharti matatu kabla ya mtu kupasuliwa kutafutwa uvimbe wa insulini: dalili zimjie akiwa na njaa, sukari ipimwe palepale ikutwe chini, na akipewa sukari apone. La kwanza na la tatu ninyi mliyaona kila siku Ramadhani nzima, saa tisa alasiri na magharibi. Lililokosekana ni la katikati, tone moja la damu kwenye kidole. Yule muuguzi wa zamu Mungu ambariki. Kila mgonjwa anayeletwa amechanganyikiwa, anatetemeka, anatoka jasho au ameanguka, sukari yake ipimwe pale pale kabla ya neno kifafa kuandikwa, na kabla ya pepo kutajwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ubani.

(Kwa wanaosoma hapa na wana mtu wa namna hiyo nyumbani: akiwa hajitambui msimmiminie asali wala soda mdomoni, itaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, pakeni asali kidogo kwenye fizi, na safari ya hospitali ianze.)

Namba yenyewe 1.9 ni ya kutisha. Kwa uchunguzi huu tunataka ionekane imeshuka chini ya 3.0, na saa hiyohiyo tuangalie insulini inafanya nini. Sukari ikianguka, visiwa vyenye afya hufunga bomba, insulini inakauka karibu yote. Ikikutwa bado inamwagika, kuna mtu hataki kufunga bomba. Hapo tunapima pia C-peptidi, kipande kinachokatwa mwili unapojitengenezea insulini yake. Ya sindano haina kipande hicho, na kwa njia hiyo tunajua insulini imetoka ndani au nje. Tunatafuta vilevile kama amekunywa vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, hata kwa kupewa kimakosa, maana navyo vinakamua visiwa vitoe insulini. Kwa yule ambaye hazidiwi mbele ya daktari, analazwa wodini na kufungishwa mpaka saa 72, anakunywa maji tu, damu ikipimwa kila baada ya saa chache. Ndugu yako kipimo hicho alikifanya mwenyewe kwenye swaumu bila kujua.

Tuje kwenye karatasi mbili. Umeuliza muamini ipi. Hazigombani. Ya kwanza ilisema kweli ikaishia njiani. Kumwambia mtu "uvimbe wa neuroendokrini" bila daraja ni kama kumwambia kuna jahazi linakuja bila kumwambia lina tanga au halina. Daktari wa upasuaji alipowatuma na kile kipande cha nta hakuwa anawazungusha. Alikuwa anawatafutia kitu ambacho bila hicho mngekuwa leo mnauza shamba gizani.

Nikueleze tunachokifanya nacho. Uvimbe ukitolewa unakatwa vipande, kila kipande kinagandishwa kwenye nta, kinakuwa kibonge kidogo unachoweza kukifumba kiganjani. Kwenye kibonge hicho tunakwangua utando mwembamba kuliko unywele kwa mbali, tunaulaza kwenye kioo, tunautia rangi. Swali la kwanza ni kama seli zinafanana na za kisiwani zilikotoka: zimejipanga kwa mafungu na mistari, viini vya duara vinavyolingana. Hizo ndizo "zilizopevuka vizuri". Sinaptofisini na kromogranini ni protini za seli zinazotengeneza homoni. Zikishika rangi, asili yake imethibitika.

Swali la pili ni mbio zake, na hapa ndipo Ki-67 inapoingia. Ni protini inayoonekana kwenye kiini cha seli iliyo katika safari ya kugawanyika na kutoweka seli ikipumzika. Waliogundua njia ya kuionyesha walikuwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983. Ki ni ya mji huo, 67 ni namba ya kishimo katika sahani yao ya maabara. Seli yenye nayo kiini chake kinageuka kahawia, isiyo nayo inabaki buluu. Ninatafuta mahali penye kahawia nyingi kuliko kwingine, ninapiga picha, ninaitoa kwenye karatasi, nachukua kalamu. Kila kiini ninachokihesabu ninakipiga mstari nisikirudie. Inatakiwa nihesabu zisizopungua 500. Ndugu yako amepata 4%, maana yake katika seli 500 ishirini zilikuwa kahawia.

Chini ya 3% ni G1. Kuanzia 3 hadi 20% ni G2. Zaidi ya 20% ni G3. Angalia basi: kama kahawia zingekuwa 14 badala ya 20, ingesomeka 2.8% na karatasi ingeandikwa G1. Seli sita. Baba mdogo anaona ukuta kati ya 1 na 2, mimi niliyeshika kalamu naona mteremko, na huyu amesimama juu kabisa ya mteremko, karibu na mlango wa G1. Hata hesabu ya seli zinazogawanyika, moja katika milimita 2, ni ya G1; ila kanuni yetu ni kwamba vipimo viwili vikitofautiana daraja lililo juu ndilo linaloshika, ndiyo akaandikwa G2. Mwenzangu aliyesoma kibonge hicho amefanya kazi safi.

Kuna jambo moja ninawaomba mlishike kwa mikono miwili, hasa siku mtakapokutana na mtu mwingine mwenye ripoti ya namna hii. G ni daraja. Daraja linasema seli zina mbio kiasi gani. Hatua inasema uvimbe umefika wapi: ukubwa wake, tezi za limfu, ini. Ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa G1 na ini limejaa, au G2 na uvimbe haujatoka ndani ya nyumba yake. Ndugu yako ni huyo wa pili. Sentimita 2.3, umo ndani ya kongosho, kingo safi, tezi nane safi. Kama picha ya ini haikuonyesha kitu, na barua yako haikutaja kitu huko, basi uvimbe wote umeondoka pamoja na mkia.

Na hata neno G3 lina watu wawili ndani yake. Mpaka mwaka 2017 kila kilichovuka 20% kilitupwa chungu kimoja kikaitwa kansinoma, yaani saratani kali. Kisha Shirika la Afya Duniani likatenganisha: wapo wenye G3 ambao seli zao bado zimepevuka, na wapo wenye kansinoma ya neuroendokrini, seli zimeharibika sura kabisa, ugonjwa wa mbio unaotibiwa kwa dawa nyingine. Kuwachanganya hawa ni kumpa mmoja tiba ya mwenzake. Ninyi hamko huko, ila ninaandika kwa sababu najua wapo wasomaji ambao ripoti yao imeandikwa G3 na hakuna aliyewaambia ni G3 ya upande upi. Kaulizeni hilo kwanza.

Steve Jobs uvimbe wake ulikuwa wa ukoo huu kweli. Uligunduliwa mwaka 2003, akapasuliwa 2004, akafariki Oktoba 2011. Ni miaka minane. Mwambieni baba mdogo kwa upole kwamba hata mfano aliouchagua haukubaliani na miezi sita yake.

India, basi. Picha ya PET, yaani ya kutafuta saratani mwili mzima, kwa uvimbe huu hutumia dawa yenye galiamu inayong'ang'ania vipokezi fulani vya seli, na kwa aina nyingi za neuroendokrini inaona sana. Lakini insulinoma nyingi zina vipokezi hivyo vichache, unaweza kulipa na picha isione kitu. Kwa mtu ambaye uvimbe umetolewa mzima, dalili zimekoma, tezi ni safi, hiyo si ya kuuzia shamba. Dawa za saratani nazo hazitolewi baada ya kutoa uvimbe wa G1 au G2 ambao haujasambaa. Hazimwongezei kitu, zitamtesa. Anachohitaji ni kufuatiliwa: siti skani au emarai baada ya miezi michache, kisha kila miezi 6 hadi 12, na ufuatiliaji huo uende miaka kumi hivi. Sukari yake ipimwe pia, maana aliyepungukiwa kongosho anaweza kupata kisukari. Pesa yenu iwekeni hapo. Na kile kibonge cha nta msikubali kipotee. Andikeni namba yake na maabara kilipo. Miaka mitano ijayo kikihitajika, kitasomwa vilevile.

Kuna hatari moja iliyo karibu kuliko saratani, nayo hamkuniuliza. Ndugu yako hana bandama, na anaishi Tanga. Bandama ndiyo inayochuja damu na kukamata wadudu. Asiye nayo, malaria na baadhi ya bakteria vinaweza kumlaza ndani ya saa chache. Kila usiku alale kwenye chandarua chenye dawa. Joto likipanda hata kidogo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na neno la kwanza analolisema mlangoni liwe "sina bandama". Akaulize kama amepata chanjo za pneumokokasi, meningokokasi na Hib. Kama hajapata, hiyo ndiyo shughuli ya wiki hii.

Sasa mwanangu nije kwenye mistari yako ya mwisho, ile uliyoiandika kwa kuomba radhi. Nimeirudia mara tatu.

Ndugu mwenye insulinoma akiwa na miaka 34. Dada mwenye mawe ya figo mara mbili. Baba aliyeteswa na mawe, kisha akafa na vidonda vya tumbo vinavyorudi juu ya dawa. Kila kimoja peke yake ni cha kawaida, mawe ya figo yako nyumba nyingi na vidonda vya tumbo vimejaa mitaani. Vikikutana ndani ya baba mmoja na watoto wake, mtu wa kazi yangu analazimika kuuliza kama kuna MEN1.

MEN1 ni hitilafu ya jeni moja, yaani agizo la kurithi lililomo ndani ya seli, iliyotambuliwa mwaka 1997, inayorithiwa toka kwa mzazi yeyote, kila mtoto akiwa na nusu ya uwezekano wa kuipata. Inagusa sehemu tatu. Ya kwanza ni tezi nne ndogo kama punje za dengu, nyuma ya tezi ya shingo, ziitwazo paratiroidi. Zikivimba zinapandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikimwagikia figo inajenga mawe. Walio wengi sana wenye hitilafu hii wanapatwa na hilo kabla ya miaka 50. Ya pili ni kongosho na utumbo wa mwanzo. Humo huota insulinoma kama ya ndugu yako, au gastrinoma, inayomwaga homoni ya kuamrisha tumbo litoe asidi bila kukoma, vidonda vikachimbika na kurudi kila vikipona. Robert Zollinger na Edwin Ellison, madaktari wa upasuaji wa Ohio, ndio walioeleza hali hiyo mwaka 1955. Ya tatu ni tezi pituitari, chini ya ubongo.

Marehemu siwezi kumpima, na sitasema kilichomuua ni hicho. Huenda ni vidonda tu, na mawe yenu ni ya joto la Tanga na maji machache. Lakini swali hili linajibika kwa bei ndogo kabisa. Nenda ukapimwe kalsiamu ya damu, na ikiwezekana homoni ya paratiroidi siku hiyohiyo. Ndugu yako apimwe. Ndugu wengine wa baba mmoja wapimwe. Kama unakunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mwambie daktari, kwa sababu inapandisha gastrini, ile homoni ya kuamrisha asidi, na kuvuruga kipimo chake kikihitajika, lakini usiiache kwa shauri lako mwenyewe. Kalsiamu ikiwa juu, muombe daktari wa homoni awaandikie kipimo cha jeni.

Jibu hilo litabadilisha pia jinsi ya kumfuatilia ndugu yako, maana kwa mwenye MEN1 visiwa vingine vilivyobaki navyo vinaweza kuota, na mara nyingi uvimbe huwa zaidi ya mmoja. Yule daktari wenu wa upasuaji mwelezeni mawe na vidonda. Inawezekana kabisa hajui, kwa sababu kwenye faili la mgonjwa mliandikisha ya mgonjwa, na haya ni ya dada na baba.

Na hapo ndipo penye jibu la Ramadhani. Ikionekana uvimbe ulikuwa mmoja na sukari yake imetulia miezi yote hii, daktari wake anaweza kumjaribisha siku moja au mbili kabla ya mwezi kuandama, akiwa na kipimo cha kidole mfukoni, apime adhuhuri, saa tisa na kabla ya magharibi. Akiona chini ya 3.9 anafungua pale pale, tende ziko mkononi. MEN1 ikithibitika, asifunge mpaka aambiwe kongosho lililobaki liko salama. Mgonjwa ana ruhusa yake na siku zake za kulipa. Wifi asiiondoe asali karibu na mto bado.

Ukishapata karatasi ya kalsiamu yako niandikie namba iliyoandikwa, pamoja na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo kilichochapwa pembeni yake.